Raba za mtumba za Mlango Mmoja kwa mazoezi ya hafu marathoni, uzoefu wangu

Nianze na jibu kwa wasiopenda kusoma marefu: raba za mtumba za pale soko la Mlango Mmoja, hapa Mwanza, zinafaa kabisa kufanyia mazoezi ya hafu marathoni, ila ujue unanunua soli, hununui kiatu. Kama hiyo ya soli huwezi kuikagua na huna wa kukusaidia, jichange taratibu ununue mpya. Wenye muda tuendelee.

Mi nakaa Kiseke, nilianza kukimbia baada ya kujifungua mtoto wa pili sababu presha ilikuwa inapanda na daktari akasema niutikise mwili. Sina historia yoyote ya riadha, enzi za UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, mi nilikuwa upande wa kushangilia na kubeba maji. Nikaingia kwenye kikundi cha jogingi cha mtaani, tunakimbia Jumamosi tunaimba, safi kabisa, halafu wenzangu wakaanza kuongelea kilometa 21, yaani hafu marathoni, na mimi nikajikuta nimo. Zile raba nilizokuwa nazo ni za kuvalia jinzi, soli nyembamba, goti likaanza kuuma kila nikizidisha kilometa sita.

Nikaulizia mpya orijino mjini, nikatajiwa 250,000, duka la pili wakataja zaidi ya hapo nikatoka hata sijamalizia kuuliza. Kuna zile mpya za elfu 45 zenye majina makubwa makubwa, ukizishika tu soli ni gumu kama tofali, hizo ni za kuendea harusini siyo kukimbilia. Kwahiyo mtumba.

Sasa pale Mlango Mmoja ukitaka kitu uende asubuhi siku wanayofungua mabelo, yale marobota ya mitumba, maana wapo watu kazi yao ni kuchagua zile kali wakauze mtandaoni kwa bei mara mbili. Nimefika kijana mmoja ananidaka, "mwangaluka dada angu, karibu raba, hizi hapa ndo alizovaa Simbu Tokyo!" Tangu Simbu achukue dhahabu ya marathoni ya dunia Septemba 2025, ile ya 2:09:48 aliyomzidi Mjerumani kwa sekunde 0.03 pale kwenye utepe, naona kila raba mjini hapa ni ya Simbu. Nikaivuta ulimi nikaangalia lebo, imetengenezwa 2019, saizi 39. Nikamwambia mdogo angu, Simbu anavaa 39? Akacheka mpaka jirani yake akaja kuuliza kuna nini. Toka hapo tukaelewana, ndo anayeniuzia mpaka leo.

Hiyo lebo ya chini ya ulimi msiidharau. Ina saizi za Ulaya, Uingereza na Marekani, nyingi zina na sentimita, hiyo ya sentimita ndo nzuri maana unapima mguu wako kwa rula unamaliza ubishi. Nyingine zina tarehe ya kutengenezwa. Na ina namba ya modeli, iandike Google palepale ukiwa umesimama, picha ikija ya kiatu tofauti na ulichoshika basi umeshika feki iliyosafiri mpaka Ulaya ikarudi, na zipo aisee.

Baada ya lebo nageuza chini. Wengi wetu tunatua na kisigino upande wa nje, kwahiyo pale ndo panalika kwanza, kama meno bado yanaonekana nasogea mbele. Kisha naviweka vyote viwili juu ya kitu kilichonyooka naviangalia kwa nyuma kwenye usawa wa kisigino, kikiwa kimelalia upande mmoja naacha hata nikipewa bure, maana aliyekivaa ameshakikunja kwa mguu wake na mi nina mguu wangu. Halafu kinakuja kitu chenyewe, lile povu, ile sponji nene iliyopo kati ya kitambaa na mpira wa chini. Nalibonyeza na dole gumba kwa nguvu zote. Likibonyea likarudi, zima hilo. Likiwa na mikunjo pembeni isiyoondoka, kilometa zake zimeshaliwa Ulaya huko. Likiwa halibonyei kabisa limekaukia stoo. Na kuna yale yanayotoa unga unga ukiyakwaruza kwa kucha, hilo usijadili hata bei, litakatika vipande njiani.

Hii ya kukaukia stoo nimeijua kupitia shoga yangu. Siku hiyohiyo alichagua pea nyeupee, inaonekana haijawahi kuvaliwa, hata ile soli ya ndani unayokanyagia ina maandishi yote. Elfu 50. Mi yangu ilikuwa na doa la udongo na kamba moja siyo yake. Lakini povu la yake lilikuwa limeshakufa kwa umri tu, kiatu kinazeeka hata kikikaa kwenye boksi, mwezi haukuisha muundi unamuuma kila akishuka kitandani. Sasa hivi anazivaa sokoni, na zinampendeza kwakweli.

Yangu kijana alianzia 60 tukamalizana kwa 35. Nikaziosha kwa mswaki na sabuni ya unga, nikaanika kivulini. Nasisitiza kivulini maana nimeona watu wanaweka juu ya bati saa saba mchana, jua la hapa linaua gundi.

Njia yangu ni Kiseke, Pasiansi, Kirumba, nashika barabara ya Makongoro mpaka mjini, siku za mbio ndefu naunganisha Capri Point nazunguka naona ziwa kisha narudi. Kwa wasio wa huku, Mwanza saa kumi na mbili asubuhi bado giza, jua linachomoza kuelekea saa moja, kwahiyo wanawake tunakimbia kwa kundi na mmoja ana tochi ya kichwani, mbwa wa Kirumba nao wana shifti yao. Lami haina shida. Shida ni vipande vya changarawe na milima. Mdogo wangu wa kiume alikuja kutoka Dar anajisifia kilometa kumi zake za Coco Beach, tukapanda naye Capri Point, kufika juu anauliza bodaboda zinapaki wapi. Ziwa lenyewe tu liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, halafu juu ya ziwa ndo kuna hayo majabali tunayoishi.

Kwenye hiyo njia raba zilinibeba vizuri kuliko nilivyotegemea. Goti limetulia, siwezi kuapa kwamba ni raba peke yake maana kipindi hicho hicho nilipunguza pesi, yaani kasi, na kuongeza kilometa kidogo kidogo, lakini nikirudia zile za zamani hata kwenda dukani tu nasikia tofauti. Kilichonisumbua ni vidole. Kupanda hakuna neno, kushuka kutoka Capri Point mguu unateleza mbele, kucha ya kidole gumba ikawa nyeusi. Kwahiyo saizi iwe na nafasi ya unene wa kidole gumba cha mkono pale mbele, na ujaribishe mchana mguu ukiwa umeshavimba kidogo, ukiwa umevaa soksi unazokimbilia. Najua nimesema muende asubuhi, zungukeni kwanza kwa miguu.

Mvua za masika ndo zilinionyesha upande wa pili. Tuko karibu na Pasiansi, barabara inatiririka, nikasikia mguu wa kulia unapiga kofi, pa pa pa, nikadhani ni jani. Kuangalia chini, mpira wa mbele umeachia umebaki kuninginia kwa kisigino. Nikaufunga kwa kamba ya ile ya kushoto nikarudi kwa daladala nimelowa, konda ananiambia dada mbio zimekushinda leo.

Nikampelekea fundi mmoja wa viatu, mzee wa makamo. Shikamoo, marahaba mwanangu, akaichukua akainusa! Kweli akainusa. Akasema gundi ya kiwandani imekufa, hata huu wa kushoto unaoona mzima utafuata, akauvuta kwa vidole viwili na ukaachia kweli bila ubishi. Nikamwambia basi shona. Akagoma. Akasema raba ya kukimbia akiishona, matundu yatapitisha maji na uzi utakatwa na lami, utarudi hapa hapa. Alichofanya akabandua vyote, akasugua na msasa gundi yote ya zamani mpaka ikaisha, akapaka mpya pande zote mbili, akasubiri ikauke kidogo ndo akabandika, akagonga kwa nyundo taratibu kutoka katikati kwenda pembeni, akafunga kwa mpira wa baiskeli akaniambia kesho siyo leo. 5,000. Mafundi wengine niliowaona wanatia supa gluu palepale unavaa unaondoka, ile ikikauka inakuwa ngumu, ukikunja mguu inapasuka. Hiyo ya mzee bado imeshika mpaka sasa.

Ndo maana nasema nikipata pea nampelekea fundi kabla ya kuikimbilia, siyo baada.

Tuje kwenye hesabu sababu kuna watu kwenye kikundi wananiambia mtumba ni uchumi wa kimaskini. Raba mpya nzuri wataalamu wanaipa kilometa 500 mpaka 800 hivi povu halijachoka. Tuseme 700. Kwa 250,000 kila kilometa inakugharimu kama shilingi 357. Mtumba wangu pamoja na fundi ni 40,000, nikiupa 300 tu kwa roho mbaya, kilometa moja ni kama shilingi 133. Hata ningepata 150 bado niko chini ya mpya. Lakini hesabu hiyo inasimama kama povu ni zima, likiwa limekufa hizo 40,000 unalipa na za dawa ya kuchua juu yake, muulize shoga yangu. Mi naandika kilometa zangu kwenye daftari, wengine wanatumia programu ya simu inayohesabu yenyewe, vyovyote, ila ziandike.

Na zile zenye bamba la kaboni ndani, soli nene imenyanyuka mbele, siku hizi nazo zinaonekana kwenye mabelo mara mojamoja, wanaziita za Kipchoge, yule bingwa wa marathoni wa Kenya, bei wanaanzia 150,000. Mi nasema achana nazo. Povu lake ni laini linachoka mapema, na mtu aliyeziuza Ulaya ameziuza sababu zimeshachoka. Halafu kwa pesi zetu hizi za kusimama kusalimiana na watu njiani bamba litakusaidia nini.

Siku ya mbio yenyewe nilizivaa hizohizo, sikununua kitu kipya, nikamaliza 2:24. Siyo taimu ya kuringia lakini nilitaka chini ya mbili na nusu nikapata. Kilometa ya 17 misuli ya nyuma ilianza kukaza, nikatafuna matobolwa niliyoweka kwenye kimfuko cha kiunoni na maji mengi, ni viazi tu vile, vitamu na vinashuka vizuri, bei yake na ya jeli za dukani hazikai meza moja. Miguu haikuwa na lengelenge hata moja. Kuna kaka alinipita kilometa ya tatu na raba mpya kabisa za kung'aa, nimemkuta baadaye amekaa kwenye jiwe anazishikilia mkononi.

Kwa kumi nawapa saba. Nimekata mbili kwa ajili ya gundi, maana hiyo ni hela na muda wa ziada karibu kwa kila pea, na moja kwa sababu huna pa kurudisha, ukishaondoka pale ni yako. Yule kijana wangu anakubali kubadilisha kama hujakanyagia nje, ila hiyo ni yeye na ni kwa vile tumezoeana, msiende mnaidai kwa kila mtu.

Saizi 38 mpaka 40 zinaisha mapema sana siku hizi, wanawake wa jogingi tumekuwa wengi, saa tatu tu asubuhi unakuta mabaki. Wenye 44 kwenda juu nyie nendeni hata saa tisa mchana, zimejaa na bei inashuka yenyewe.