ClinicalTrials.gov kwa mgonjwa wa saratani ya mapafu: miezi mitano ya kuitumia nikiwa Tanga

Nina duka la steshenari Ngamiani, barabara ya 12. Nachapa, natoa kopi, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Kwa hiyo mamdogo alipoambiwa ana saratani ya mapafu, hatua ya nne, ukoo mzima ulinigeukia mimi. "Wewe ndiye mwenye kompyuta," mjomba akasema. "Tafuta." Nimetafuta miezi mitano, na nilikorudi mara nyingi zaidi ni ClinicalTrials.gov. Naandika kwa sababu nilipoanza sikupata mtu wa kunieleza kwa Kiswahili inatumikaje na mgonjwa wa huku kwetu atafaidika nayo nini.

Ni daftari kubwa la majaribio ya tiba. Linatunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, lilifunguliwa mwaka 2000, na sasa lina tafiti zaidi ya 500,000 kutoka nchi zaidi ya 200. Hulipii kitu, hujisajili, na linafunguka hata kwenye simu. Kila utafiti una namba inayoanza na herufi NCT, kisha tarakimu nane. Namba hiyo ishike, ina kazi huko mbele.

Lugha ni Kiingereza, na masharti ya kujiunga yameandikwa kwa Kiingereza cha madaktari. Hapo ndipo nimeipunguzia nyota. Mgonjwa wa Pangani au Mkinga asiye na mtu wa kumsomea haingii humo, na mtu huyo ana haki ya kujua sawa na mwingine yeyote.

Usiku wa kwanza niliandika saratani ya mapafu peke yake nikapata maelfu. Polepole nikajifunza kubana. Kwanza aina: ya mamdogo si ile ya seli ndogo, ni adenokasinoma, na neno hilo limo kwenye ripoti ya kinyama alichokatwa mapafuni kikapimwa. Halafu nchi. Halafu, na hili ndilo la muhimu, hali ya utafiti. Kuna zinazoandikisha wagonjwa, kuna ambazo hazijaanza, na kuna zilizoandikwa kwamba zinaendelea ila haziandikishi tena. Hizo za mwisho zilinila siku mbili nzima, nikidhani neno "zinaendelea" lina maana mlango uko wazi. Angalia pia usichanganye awamu na hatua. Hatua ya nne ni ya ugonjwa. Awamu ya kwanza, ya pili na ya tatu ni za utafiti: ya kwanza inatafuta dozi iliyo salama, ya tatu inailinganisha dawa mpya na ile inayotumika siku zote, kwa watu wengi.

Nilipochagua Tanzania, nilikutana zaidi na malaria, kifua kikuu na Ukimwi. Ya saratani ya mapafu inayomfaa mamdogo sikuipata. Nikapita Kenya, Afrika Kusini, mwisho India. Nilipekua pia daftari la Afrika, PACTR, linalotunzwa Cape Town na ambalo Shirika la Afya Duniani lililitambua mwaka 2009. Hilo nalo ni bure, na linafaa kwa anayetaka kuona ya bara letu tu.

Lakini mali yote ya ClinicalTrials.gov iko kwenye masharti ya kujiunga. Siku moja baada ya isha nilichapa masharti ya utafiti mmoja, kurasa tatu, nikaenda nayo kwa mamdogo Chumbageni. Nasoma Kiingereza kimoyomoyo, namwambia kwa Kiswahili, yeye anajibu, nami natia tiki au mkato kwa kalamu nyekundu. Sharti la nne lilitaka awe daraja la 0 au 1 kwenye kipimo kinachoitwa ECOG. Daraja la 0 ni mtu anayefanya shughuli zake zote kama zamani, la 1 ni anayeshindwa kazi nzito lakini anatembea na kazi nyepesi anaziweza, la 4 ni wa kitandani kutwa. Nikamuuliza, "Mamdogo, kazi unazionaje?" Akafikiri sana, maana alijua jibu lina uzito. "Asubuhi nimefua mashuka mawili," akasema. "Ndoo ya maji siinui." Nikaandika 1. Sharti la saba lilitaka uvimbe unaopimika kwenye picha ya CT, angalau milimita 10. Bahasha ikatolewa chini ya godoro, ripoti inasema sentimita 4.2. Tiki.

Sharti la tisa lilitaka majibu ya kipimo cha EGFR, jeni ambayo ikibadilika huisukuma saratani ikue. "Hicho nilipimwa?" akaniuliza. Tukamwaga karatasi zote mkekani, mpaka zile za miezi aliyotibiwa kifua kikuu ambacho hakuwa nacho. Hakikuwemo. Alikuwa ameshapata dripu mbili za kemo na hakuna aliyekuwa amemtajia.

Kesho yake tulimpigia daktari wake. Hakukasirika hata kidogo. Akasema mamdogo hajawahi kuvuta sigara, amekaanga vitumbua kwa kuni miaka thelathini, na kwa wasiovuta jeni hiyo hukutwa ikiwa na mabadiliko mara nyingi zaidi kuliko kwa wavutaji. Kipimo kinawezekana, akasema, tena bila kumkata upya, kwa kile kile kinyama cha mwanzo kilichohifadhiwa kwenye nta.

Kukipata ndiyo ilikuwa kazi. Hospitali alikokatwa haikujua kiko wapi. Nilipanda basi Kange mara mbili kwenda kukifuata, na wiki tatu zikapita kabla hakijaonekana kwenye droo. Wakati huo kituo kimoja cha India, ambacho anwani yake niliitoa kwenye ukurasa wa utafiti, kilikuwa kimeshanijibu: leteni majibu ya jeni, tutazungumza. Majibu yakatoka, mabadiliko yapo, nikayatuma usiku ule ule. Wakaniandikia kwa upole kwamba nafasi zimejaa. Nilipofungua ukurasa, hali ilikuwa imebadilika. Iliniuma, na bado inaniuma nikizikumbuka zile wiki tatu.

Kwa hiyo hakujiunga. Ila daktari alimtoa kwenye dripu akamwanzishia vidonge vya kuzuia EGFR, kimoja kwa siku, tunavyonunua kwa michango ya ukoo. Huu ni mwezi wa tatu. Kikohozi kimepungua na analala chali, jambo ambalo tangu mfungo alikuwa haliwezi.

Kuhusu matapeli. Niliomba ushauri hadharani, na siku ya pili mtu akanitumia ujumbe kwamba ana nafasi ya majaribio, tulipe milioni mbili na nusu ya kushikia. Nikamwomba namba ya NCT. Akatoa. Nikaiandika pale juu, ukafunguka utafiti wa upasuaji wa goti. Yeyote akuombaye pesa ya nafasi, anza na namba. Na hata namba ikiwa ya kweli, kuwemo kwenye daftari si kusema serikali ya Marekani imeupima utafiti ikaridhika nao. Tovuti yenyewe inatamka hivyo. Utafiti wa tiba unaofanyika hapa nchini lazima uwe na kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Omba kuviona.

Wapo walioniambia namtoa mamdogo awe panya wa maabara. Nawajibu kwa Korogwe, hapa hapa mkoani kwetu, na Bagamoyo: vituo hivyo vyote viwili vilikuwa kati ya 11 vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wa Afrika. Wazazi walisomewa fomu ya ridhaa, wakauliza, ndipo wakasaini. Mshiriki anaweza kujitoa siku yoyote na haki yake ya kutibiwa inabaki pale pale.

Naipa nyota nne. Ukiitumia, itumie mapema kabla mgonjwa hajaanza dawa, kwa sababu tafiti nyingi zinataka ambaye hajatibiwa. Lakini usicheleweshe matibabu kwa kuingoja, muulize daktari kwanza. Na nenda nayo ukiwa na ripoti ya kinyama mkononi.

Vidonge hivi, daktari ametueleza, siku moja saratani huvizoea. Siku hiyo nitafungua tena, na masharti yatauliza tena kinyama. Safari hii tumekiomba hospitali wakatupa wenyewe, kipande cha nta kidogo kuliko kiberiti, kimeandikwa namba ya mamdogo ubavuni. Kiko kabatini kwake ndani ya kikopo cha hina, na wajukuu wameambiwa wasikiguse wala wasikipeleke karibu na jiko.