Lenzi ya Kupigia Picha Bata na Batamaji: Ipi Ununue Kwanza

Ukiuliza lenzi ya kupigia picha ndege, utaambiwa ununue ndefu kadiri mfuko utakavyoruhusu. Kwa tai aliyetua juu ya mti, sawa. Kwa bata na batamaji, wale weupe wa shingo ndefu, sikubali. Kwenye mito, mifereji na mabwawa wanakopita watu kila siku, ndege hawa wameshatuzoea, na mara nyingi wanakufuata wenyewe. Picha nzuri hupatikana kwa kuishusha kamera mpaka karibu na usawa wa maji, ukatazamana na ndege jicho kwa jicho. Kwa hiyo nimezipanga lenzi kwa swali moja: utaweza kuishika ukiwa umelala kifudifudi ukingoni?

Nambari moja ni lenzi ya 100-400mm (kadiri nambari ya mm inavyopanda, ndivyo inavyovuta mbali zaidi), na sina wasiwasi nayo. Kwenye 100 batamaji anaenea hata akitanua mabawa, ambayo kwa mkubwa hupita mita mbili. Kwenye 400 kichwa cha bata dume kinajaza picha, na jua likimpiga vizuri ile kijani yake inawaka. Canon RF 100-400mm ina gramu 635 tu, unaishika asubuhi nzima. Udhaifu wake ni kitundu cha f/8 ukivuta mpaka mwisho, yaani kinapitisha mwanga kidogo, kwa hiyo alfajiri utalazimika kupandisha ISO, wepesi wa kamera kupokea mwanga. Canon EF 100-400mm toleo la pili ni nzito zaidi, lakini inashika fokasi hata kwa ndege aliye chini kidogo ya mita moja. Hapo unaona tone la maji limekaa juu ya unyoya bila kulowesha.

Ya pili ni 70-300mm. Kwa anayeanza inatosha kabisa, hasa kwenye kamera ya sensa ya APS-C, ndogo kuliko ile ya fremu kamili, ambako 300 inaonekana kama 450. Chagua yenye kituliza mtikisiko. Isiyo nayo iache dukani.

150-600mm naiweka ya tatu, najua wengi watabisha. Sigma Contemporary ina karibu kilo mbili na haishiki fokasi chini ya mita 2.8, na bata mwenye njaa anasogea karibu zaidi ya hapo. Inunue kama bata wako ni wa porini, waoga, wanaokaa katikati ya ziwa.

Mwisho ni kamera zenye lenzi isiyobanduka, kama Nikon P1000 inayovuta mpaka sawa na 3000mm. Kumtambua ndege wa mbali, zinafaa. Ila sensa ni ndogo, mwanga ukififia picha inajaa chenga.

Ukipata lenzi iliyotumika, pitisha mwanga wa tochi ndani ya kioo utafute ukungu wa kuvu, kisha jaribu fokasi kwenye kitu kinachotembea. Fedha ikibaki, tafuta kamera yenye skrini inayokunjuka kabla ya kufikiria lenzi ya pili. Na hakuna lenzi itakayokuokoa na weupe wa batamaji: akiwa juu ya maji meusi, kamera hudanganyika na kuongeza mwanga, manyoya yakabaki doa jeupe. Weka fidia ya mwanga kwenye -0.7 au -1 ili picha iwe nyeusi kidogo, na akianza kuruka weka shata 1/1600 ya sekunde au kasi zaidi.