Kuziba mzizi wa jino nyanda za juu kusini: cha kulipia kwanza na cha kukataa

Baridi ya Juni na Julai huku Mbeya haina huruma kwa jino lililotoboka. Likiuma kidogo ukivuta hewa kisha likatulia, huenda kuliziba kawaida kunatosha. Ila chai ya moto ikiligusa ukabaki umeshika shavu dakika nzima baada ya kumeza, au likikuamsha usiku bila kuguswa, mara nyingi kiini cha ndani kimeshaharibika. Hapo utachagua: kung'oa, au kusafisha mzizi na kuuziba. Wengi wetu tunang'oa kwa sababu ni nafuu na mambo yanaisha siku hiyohiyo. Naandika kwa ajili ya anayetaka kubaki na jino lake, ambaye anakwenda kulipa fedha nyingi kwa kitu asichoweza kukiona.

Mimi nililipa mara mbili kwa gego moja la chini. Mara ya kwanza mizizi ilijazwa uji wa dawa peke yake. Miezi minane baadaye kipele chenye usaha kikaota kwenye ufizi, na eksirei ikaonyesha mzizi mmoja umejazwa nusu tu. Kufumua kazi ya mwingine ni kugumu kuliko kuanza upya, na bei yake ni hivyo hivyo. Tangu hapo kila daktari wa meno niliyekaa kwenye kiti chake nimemuuliza maswali hadi akachoka.

Bei hupanda kwa kadiri ya mifereji iliyomo ndani ya mizizi. Jino la mbele la juu kwa kawaida lina mfereji mmoja. Gego la chini lina mitatu au minne. Gego la kwanza la juu mara nyingi lina minne, na wa nne hujificha. Kila mmoja unasafishwa kwa faili, yaani tupa nyembamba kama sindano, na maji ya sodiamu haipokloraiti, dawa ya jamii moja na ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Ndiyo sababu daktari makini hulitenga jino kwa shuka ya mpira, dawa isikushukie kooni na mate yasiingie kwenye mzizi. Usafi huu ukikosekana, hakuna kizibo kitakachokuokoa.

Sasa kizibo chenyewe. Karibu kila njia ya leo hutumia gutapecha, utomvu wa mti wa Asia ya Kusini Mashariki, uliochanganywa na oksidi ya zinki kwa wingi na kutengenezwa vijiti vyembamba. Gutapecha haigandi yenyewe kwenye ukuta wa jino, kwa hiyo hupakwa gundi ya kuzibia ambayo madaktari huiita sila. Tofauti kubwa ya bei iko kwenye sila na namna ya kushindilia.

Nafasi ya kwanza naipa gutapecha baridi iliyobanwa kwa pembeni, pamoja na sila ya resini, yaani gundi ya jamii ya plastiki. Kijiti kikuu kinaingia, chuma chembamba kinakisukuma ukutani, kijiti kidogo kinajaza pengo, na hivyo hivyo hadi pasibaki nafasi. Ni njia ya zamani na madaktari wengi mikono yao imeizoea. Sila ya resini inashika vizuri na haiyeyuki kirahisi. La muhimu kwangu ni kwamba siku ikileta shida, inafumulika.

Ya pili ni sila ya bayoseramiki yenye kijiti kimoja. Msingi wake ni kalsiamu siliketi, jamii ileile ya madini yaliyomo kwenye saruji inayotoka kiwandani Songwe, ila hii imesafishwa kwa ajili ya mwili. Inaganda kwa unyevu, jambo zuri kwa sababu mzizi haukauki kabisa. Naishusha nafasi moja kwa bei yake, na kwa kuwa ikishakauka ni shida kuitoa. Lakini kwa mtoto aliyeanguka jino likafa kabla ncha ya mzizi haijafunga, au mzizi uliotobolewa kwa bahati mbaya, dawa za jamii hii ndizo za kwanza na usizibanie.

Sila ya oksidi ya zinki na mafuta ya karafuu naiweka ya tatu. Utaijua kwa harufu. Huyeyuka polepole kadiri miaka inavyokwenda, na mabaki ya karafuu yasiposafishwa huzuia kizibo cheupe cha juu kisikauke sawasawa. Hata hivyo ikifanywa kwa uangalifu ni kazi halali, na mwenye bajeti ndogo asione haya. Gutapecha ya moto huingia hadi kwenye vichochoro vya pembeni vya mzizi, lakini inaweza kusukumwa ikapita ncha. Ikubali kwa daktari anayeifanya kila siku.

Cha kukataa ni uji peke yake, hasa wenye kemikali kali iitwayo fomaldehaidi. Ukivuja kupita ncha ya gego la chini unaweza kuchoma neva, na mdomo ukabaki na ganzi ya kudumu.

Uliza pia kama bei ina kofia ya jino, yaani gamba gumu linalovikwa jino zima, au kizibo cha kudumu cha juu. Mwaka 1995 watafiti wawili, Ray na Trope, walichunguza picha za meno 1,010 yaliyotibiwa mizizi, wakakuta ubora wa kizibo cha juu unahusiana zaidi na afya ya mfupa unaozunguka mzizi kuliko hata ubora wa kizibo cha mzizi. Tafiti za baadaye zimesema vyote viwili vina uzito. Gego lisilo na kofia pia hupasuka ovyo, mara nyingine kwa mahindi ya kuchoma tu.

Kwa anayetoka Makete, Ileje au Kyela, nauli na malazi ni sehemu ya bei. Kizibo cha muda kinavumilia wiki chache, kisha mate yanapenya. Kama hakuna usaha, omba kazi iishe kwa mkao mmoja. Kama usaha unatoka, kubali dawa ya kalsiamu haidroksaidi na tarehe ya kurudi. Na kama unajua hutaweza kurudi hadi baada ya mavuno, usianze hadi uwe na nafasi.

Kabla ya kushuka kitini omba kuiona picha ya mwisho. Kila mfereji uwe na mstari mweupe usiokatika, unaoishia milimita moja hivi, isizidi mbili, kabla ya ncha. Ipige kwa simu, andika tarehe na jina la sila iliyotumika, uitunze. Daktari wa Iringa au Njombe atakayeliangalia jino hilo miaka kumi ijayo ataanzia hapo.