Mtori wa Ndizi za Kihambani Mjini Moshi

Mgahawa huu mdogo ulio jirani na Soko la Mbuyuni hauna jina mlangoni, bali una ubao wa chaki unaotaja kila asubuhi kijiji zilikotoka ndizi za siku hiyo. Nimekula hapo mara nne, na mara zote nimeagiza mtori, yaani supu nzito ya ndizi na nyama, kwa kuwa mtori hauwezi kuficha ndizi iliyolala njiani. Wa hapa hupikwa kwa ndizi za aina ya mshare zilizokatwa Kibosho alfajiri, pamoja na nyama ya mifupa iliyochemka hadi kulainika kabisa, nao huwa mzito bila kuongezwa chochote. Kiburu chao, yaani ndizi zilizopikwa na maharage, pia ni kizuri, ingawa siku moja chumvi ilizidi.

Mama mwenye mgahawa hununua moja kwa moja kwa wakulima wa vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ambamo migomba, kahawa, magimbi na miti ya kivuli huishi pamoja, na ng'ombe wa zizini hurudisha rutuba kwa samadi yake. Ni mfumo huohuo ambao kule kijijini Shimbwe Juu ulitambuliwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Hata hivyo, aliniambia kwa masikitiko kwamba mmoja wa waliomuuzia ndizi kwa miaka mingi amegawa kihamba kwa wanawe, na kipande cha kando ya barabara sasa kimejengwa fremu za maduka. Kihamba kikishagawanywa hivyo vizazi viwili vitatu, hakibaki cha kulisha hata wenyewe, sembuse kuuza mjini. Ndiyo maana naona fedha ninayolipa hapa inampa mkulima sababu ya kubakiza migomba yake.

Nina lalamiko moja. Wali wao husifiwa kuwa wa Chekereni, kutoka mashamba ya umwagiliaji ya Lower Moshi yaliyokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, lakini Jumamosi iliyopita ulikuwa mchele mwingine na ubao haukusema lolote. Mgahawa unaotaja asili ya ndizi unapaswa kutaja na ya mchele.

Fika kabla ya saa nane mchana, kwani mtori huisha mapema. Siku za soko huuzwa pia vichane vya ndizi mbichi pale mlangoni.