Mashini ya weldi ya bila gesi: miezi minane nikitia viraka sakafu ya Suzuki SJ410

Yalianza kwa shilingi ishirini. Tuko kwenye foleni ya feri Likoni, mtoto wa dadangu amekaa mbele anachezea chenji, sarafu ikamponyoka ikaingia chini ya mkeka wa mpira wa kukanyagia na hatukuiona tena mpaka nliposogeza gari, kumbe iko barabarani nyuma yetu yang'aa, na muuza maji akaiokota. Mie nlijua sakafu ina kutu, sikujua kama ina dirisha.

Gari yenyewe ni SJ410 ya 1986, kile kigari cha injini ya 970 cc na kabureta, springi za bapa mbele na nyuma kama lori, uzito wake hata tani moja haifiki. Kwa mchanga na matope ni balaa, yapita mahali magari makubwa yanazama. Shida ni hewa yetu ya chumvi. Land Rover za zamani angalau bodi yake ni aluminiamu, inayooza ni chasisi chini kwa chini, lakini hii Suzuki bodi chuma chasisi chuma, kwa hivyo yaliwa kote kote. Sehemu zake zajulikana, ukienda kukagua moja usipoteze wakati na rangi, inua mikeka uangalie pale miguu ya dereva inapokaa, halafu maungio ya bodi na chasisi, halafu ule mwamba wa nyuma, chuma cha chasisi kilichokingama, karibu na pingili zinazoshika ncha za springi. Yangu ilikua imeliwa zote tatu.

Fundi wa bodi mmoja akaniambia 28,000 sakafu pande zote mbili, mwengine akataka 35,000 na gari nimuachie wiki tatu. Nkapiga hesabu, kwa pesa hio nanunua mashini yangu nachomelea nyumbani pole pole na mashini inabaki. Nkanunua ile ndogo nyekundu ya inveta, inayoyeyusha waya wa kujilinda wenyewe bila mtungi wa gesi, 19,500 pamoja na tochi (si ya mwangaza, ni ule mkono wa kuchomelea unaotoa waya), klipu ya athi ya kubana kwenye chuma, barakoa ya kushika mkononi na kinyundo. Sitataja kampuni manake hizi zote zafanana, zabadilishwa stika tu. Nimetumia miezi minane sasa, weekend kwa weekend, kwa hivyo hapa sisemi maneno ya siku ya kwanza.

Siku ya kwanza yenyewe ilikua aibu. Nlichomelea chuma chakavu, ikatoka kama mavi ya mbuzi, vidonge vidonge vimekaa juu havijashika kitu, cheche zarukia mpaka kwa kuku wa jirani. Nkabadilisha spidi ya waya, nkabadilisha nguvu, wapi. Nlikua nshaanza kutafuta risiti niirudishe ndio nkafungua kile kifuniko cha pembeni pale spuli ya waya inapokaa, nkaona boliti mbili zimeandikwa plasi na minasi. Mashini ilikuja imefungwa kwa matumizi ya gesi, tochi iko plasi. Huu waya wa bila gesi wataka kinyume, tochi minasi na athi plasi. Nkazigeuza, dakika mbili tu, na ile sauti ikabadilika papo hapo ikawa kama mtu anakaanga bajia, chuma kikaanza kushikana. Kijitabu kilikuwemo lakini nusu Kichina na nusu picha, na muuzaji dukani hakuniambia kitu, sidhani kama mwenyewe alikua ajua. Wengi wanaozitukana hizi mashini nina hakika wameishia hapo.

Kitu kilichonifanya nichague ya bila gesi ni upepo. Mie sina gereji, nafanyia uani chini ya mkilifi, na wakati wa kusi upepo wapiga kutwa. Mashini ya gesi hapo ungekua wafukuza moshi, gesi ya kuifunika weldi yapeperushwa, weldi yatoka vitundu vitundu kama maandazi. Huu waya unga wake uko ndani, wajifunika wenyewe ukiwaka, kwa hivyo kusi kaskazi zote nimechomelea. Bei ya hio raha ni uchafu, kila mstari watoka na magamba juu na masizi pembeni, lazima ugonge, usugue na brashi ya waya, upige grinda. Kama hupendi kusugua basi hii si yako.

Kwa bati la sakafu iko sawa kabisa, tena naweza kusema nzuri. La asili ni jembamba, kwenye milimita moja hivi, na ukishalipiga grinda utoe kutu labaki kama karatasi. Kosa langu la kwanza nlikua nachomelea kiraka kwenye karatasi hilo, moto watoboa, natia weldi kwenye tundu, tundu lapanuka, nafukuzana nalo hivyo hivyo mpaka kiraka cha kiganja kikawa cha sahani ya biriani. Kata mpaka ufike chuma kizima hata kama roho yauma. Halafu usivute mstari, piga nukta moja, ruka upande wa pili piga nyengine, ngoja ipoe, urudi katikati, hivyo bati halipindi. Na pale penye nafasi kubwa nimepondaponda kipande cha bomba la shaba la friji nkakishikisha kwa nyuma, weldi haishiki shaba, yajaa pale kwenye uwazi halafu wakitoa kikiwa safi. Hio ndio ilonisaidia kuliko kitufe chochote kwenye mashini.

Bati la kiraka nlinunua kipande cha 1.2 mm kwa wauza chuma chakavu. Ukitumia bati lenye zinki kama haya ya kuezekea, lisugue zinki itoke kwanza na ukae upande upepo unatoka, ule moshi mweupe wampa mtu homa na baridi usiku ukadhani ni malaria. Tanki la petroli la SJ liko nyuma chini ya sakafu, mie nlilitoa kabisa nkaliweka mbali, si kulifunika na gunia lililoroa kama wanavofanya wengine. Na betri toa nyaya, hata kama gari haina kompyuta, diodi za alteneta zaweza kuungua. Kitu sikufikiria ni ile lami ya kuzuia kutu iliyopakwa chini ya gari. Nachomelea juu raha mustarehe, kumbe chini lami imeshika moto, mke wangu ndio aliona kutoka dirishani akaja na ndoo ya maji ya nguo. Hajasema kitu. Ameniangalia tu.

Barakoa iliyokuja nayo tupa. Ya kushika mkono, na mkono mmoja huwezi kushika kiraka, kwa hivyo wajipata wafumba macho "mara moja tu". Usiku nlikua kama nimetiwa mchanga machoni, machozi mpaka alfajiri, jirani kaniletea viazi vya kukata niweke machoni nkamshukuru nkavirudisha jikoni. Kesho yake nkanunua ile ya kuvaa kichwani inayojitia giza yenyewe, 3,200, hio hesabu kwenye bei ya mashini tangu mwanzo.

Sasa uongo wa mashini yenyewe. Kwenye bodi yake imeandikwa ampia 200 kwa namba kubwa. Plagi yake ni hii yetu ya kawaida ya 13 A, kwa volti 240 hio ni kama wati 3,100 zinaingia. Weldi ya ampia 200 yataka kama volti 24, ndio wati 4,800 zinatoka, sasa zinatokea wapi? Kwa makisio yangu yatoa kama 100 na kitu hivi, zaidi ya hapo kitufe kinazunguka tu kujifurahisha. Tena mitaa yetu saa moja jioni watu wamewasha feni, pasi na friji, volti zashuka na mashini yaanza kukohoa, mie nafanya asubuhi baada ya chai mpaka adhuhuri basi. Ekstensheni nayo iwe ya waya mnene wa 2.5 mm, na uikunjue yote, yangu ya kwanza ilikua nyembamba nimeiacha imejiviringisha kwenye rola ikashikana plastiki kwa joto.

Ndio maana chasisi sikuigusa nayo. Nlitaka, sikatai. Lakini kabla nkafanya jaribio, nkachomelea vipande viwili vya bati jembamba nkavibana kwenye vaisi nkapiga nyundo, bati likachanika pembeni ya weldi na weldi yenyewe ikabaki, safi. Nkafanya hivyo hivyo na chuma cha 4 mm, nyundo ya tatu weldi ikabanduka nzima nzima kama stika, chini yake chuma hata hakijayeyuka, na kwa macho ilikua imependeza kuliko ile ya bati. Sasa fikiria hio ndio imeshikilia pingili ya springi na nyinyi mko kwenye mteremko wa Shimba Hills. Nkaipeleka Changamwe kwa mzee mmoja ana mashini kubwa ya rodi, ile nzito ya kusukumwa na watu wawili, nkamuonyesha picha za mashini yangu kwenye simu, akazikuza na vidole, akaniambia "babangu, hii ya kuchomelea sufuria." Akanikatia mwamba wa nyuma na maungio mawili, akatia chuma kipya, 11,000, siku moja na nusu. Nkapata na somo la bure vile vile.

Waya wenyewe ni 0.8 mm, spuli ya kilo moja, na hapa Mombasa huo ndio utakaokusumbua kuliko mashini. Nliacha spuli ndani ya mashini wiki mbili za mvua, nkakuta imeota rangi ya chungwa, wakwama kwenye tochi na weldi yatoa vitundu. Sasa kila nikimaliza natoa naweka kwenye ndoo yenye kifuniko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu. Chuma ulichosugua pia usikilaze uchi, ukiacha Jumamosi jioni, Jumapili asubuhi kishakua mwekundu, paka praima siku hio hio hata kama ni gizani na tochi ya simu. Kuna wanaomwagia chasisi oili chafu, mie nlifanya zamani nkaacha, yashika vumbi na yala bushi za mpira. Maji baridi ya bomba kila ukitoka ufuoni, ndani ya chasisi pia, yafaa zaidi.

Hesabu mpaka leo: mashini 19,500, barakoa 3,200, waya spuli tatu, diski za grinda sihesabu tena, fundi wa chasisi 11,000. Kwa pesa sijaokoa kitu ukweli, lakini nimetengeneza pia fremu ya betri, ngazi ndogo ya nyuma na geti la mamangu, na sakafu haipitishi hata maji. Wanaotaka kuinua gari inchi tano na bampa za chuma kabla hawajainua mkeka mtanisamehe. Kama una gari ya bati jembamba na muda, nunua, naipa saba kwa kumi. Kama unataka kujenga bampa ya kuvutia gari nyengine, tafuta mashini nyengine.

Na usiazime mtu. Mwezi uliopita nlimpa jirani siku mbili atengeneze dirisha, ikarudi imefutwa vumbi vizuri kabisa, nkawasha nimalizie mlango wa nyuma, mavi ya mbuzi tena. Kageuza zile boliti mbili, ati alimuuliza binamu yake wa Nairobi.