Laptopu ya mtumba kwa mtengeneza tovuti: ulizia betri kwanza

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji ni yaleyale. Mtu kanunua laptopu ya mtumba katikati ya Kampala, dukani imewaka vizuri, kafika nayo nyumbani Mukono, umeme umekatika na mashine imezima papo hapo, mafaili ya mteja yakiwa nusu njia kwenda kwenye seva. Wote waliulizia prosesa, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) na SSD (diski ya kuhifadhia mafaili). Betri hakuna aliyeigusa.

Kwa hiyo hayo mengine nayamaliza hapa: RAM GB 16, na kama unatumia Windows, prosesa ya Intel isiwe chini ya kizazi cha 8. Windows 11 haizikubali rasmi za nyuma yake, na Windows 10 Microsoft iliacha kuihudumia Oktoba 2025. Mtu wa Linux ana uhuru zaidi.

Namba moja kwangu ni ThinkPad T480 ya Lenovo, ya mwaka 2018, na upendeleo wangu siufichi. Ina betri mbili. Ya ndani ni ya Wh 24 (Wh ni saa-wati, kipimo cha umeme ambao betri inabeba). Ya nyuma inachomolewa kwa mkono, na zipo za Wh 24, 48 na 72. Umeme ukipotea mchana kutwa, unachomoa ya nyuma huku kazi ikiendelea, ya ndani inashika zamu, unapachika nyingine iliyojaa. Hata betri ya nyuma ya T470 iliyoitangulia inaingia. T490 iliyofuata waliuondoa mpango huo, na mpaka leo sijaelewa nani aliwaomba. Kasoro zake? Ile nene ya Wh 72 inaongeza uzito, na ziko zenye skrini ya 1366 kwa 768, ambazo mtu anayepanga kurasa za tovuti azikatae. Jaribu pia chaja kwenye matundu yote mawili ya USB-C.

Ya pili ni HP EliteBook 840 G5. Betri iko ndani, lakini ukifungua skrubu za mfuniko wa chini unaifikia, na RAM inaongezeka. MacBook Air M1 naiweka ya tatu, najua nitatukanwa. Inakaa na chaji kuliko zote hizi, kweli, ila betri imegundishwa kwa gundi na ukinunua ya GB 8 utazeeka na GB 8. Hakikisha pia akaunti ya mwenye nayo wa kwanza imeondolewa.

Laptopu zenye Celeron, prosesa dhaifu ya Intel, na RAM GB 4? Za kuandikia barua.

Sasa wauzaji. Laptopu inashinda kwenye chaja juu ya kaunta tangu asubuhi, na ukiuliza betri unaambiwa, “Nyabo (yaani mama), hiyo masaa matano bila wasiwasi.” Wengine huchomoa ile nene, wakaweka nyembamba, halafu wakakuuzia nene kama kifaa cha ziada. Dola ikipanda bei inapanda siku hiyohiyo. Shilingi ikipata nguvu, mzigo huwa “ulinunuliwa zamani”.

Usibishane. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotengenezwa. Linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa kwa kila betri. Ya ndani ya T480 inapaswa kuwa karibu mWh 24,000, yaani zile Wh 24. Ukikuta 12,000, punguziwa bei ya betri nzima. Na kwa kuwa betri bandia hudanganya hata kwenye ripoti, chomoa chaja, ongeza mwanga wa skrini hadi mwisho, cheza video nusu saa.

Halafu, kwa T480, chomoa betri ya nyuma bila chaja. Ikizima, ya ndani imekufa na sifa zote nilizozimwaga hapo juu hazipo kwenye hiyo. Muuzaji akikataa usichomoe kitu, vuka barabara. Duka la pili lina T480 kama hiyo.