Bus Simulator 18: basi lisilo na konda

Miezi minne sasa, nikitoka kazini naingia barabarani tena, safari hii kwenye kompyuta. Gemu ni Bus Simulator 18, iliyotolewa mwaka 2018 na astragon Entertainment ya Düsseldorf, Ujerumani. Kampuni hii imejikita kwenye gemu zinazoiga kazi za watu: dereva wa basi, fundi wa ujenzi, askari wa doria, zimamoto.

Nimekulia kwenye daladala za Dar es Salaam. Kwetu dereva ni kukanyaga mafuta tu, mlango na nauli anajua konda. Humu konda hakuna. Unaingia kituoni, unasimama sambamba na ukingo, unalishusha basi upande wa mlango ili watu wapande bila taabu. Unafungua mlango, abiria anakuja dirishani kwako anataka tiketi. Unamtolea aliyoitaja, unapokea hela, unamhesabia chenji sarafu kwa sarafu. Akiwepo mwenye kiti mwendo, unanyanyuka kitini, unaenda mwenyewe kumtandazia ngazi mteremko, akishapita unairudisha. Muda wote huo ratiba haikusubiri, na ukiondoka kwa pupa ukapiga shimo, abiria wanakasirika na alama zinashuka. Hapa ndipo gemu iliponikamata. Sikuwahi kufikiria kuwa kusimamisha basi vizuri ni kazi kubwa kuliko kulikimbiza.

Wiki ya kwanza niliteseka na upande wa barabara. Wenzetu wanapita kulia, na mimi kila nikikata kona najikuta uso kwa uso na magari. Kilichonisaidia ni kutafuta gari la mbele na kulifuata taratibu mpaka macho yakazoea.

Mji unaitwa Seaside Valley, wa kubuni, una mitaa 12. Unaanza na michache, ukihudumia vizuri unafunguliwa mingine, unapanga njia zako, unanunua mabasi na kuajiri madereva. Mabasi ni ya kweli: Mercedes-Benz, Setra, MAN na IVECO. Mimi ni mtu wa MAN, basi. Wikiendi mpwa wangu anaungana nami kwa intaneti, kila mtu na basi lake mji mmoja. Mnaweza kufika wanne.

Jambo moja wengi hawalijui: astragon ni mchapishaji, yaani anayetoa na kuuza gemu. Walioitengeneza gemu hii ya basi ni stillalive studios wa Innsbruck, Austria, na zile za ujenzi zinatoka kwa weltenbauer wa Wiesbaden. Astragon yenyewe ilinunuliwa na Team17 ya Uingereza mwaka 2022.

Ukitaka kununua, subiri punguzo la Steam, duka la gemu la mtandaoni. Mimi nilianza kwa kuwekewa nakala ya wizi kwenye duka moja la kompyuta, nikaishia kusafisha virusi siku mbili. Asiye na kompyuta aanze na Construction Simulator 3 kwenye simu. Winchi zimo.

Bus Simulator 21 nayo ipo, ina mji wa pili, Angel Shores, na mabasi ya ghorofa. Laptopu yangu haiiwezi, kwa hiyo nimeanza kuweka akiba ya kompyuta nyingine. Usukani nimeshaagiza.